Pombe Changa Haipandi Pikipiki

Wajukuu zangu mnaopakia madumu Kalinzi alfajiri ili jioni yawe Kibirizi, kaeni kidogo. Jambo hili nililisema nikiwa na meno yote, nalisema tena sasa nikiwa na mapengo: pombe ya ndizi inayochachuka haifungwi kizibo.

Kazi yenyewe mnaijua. Ndizi zinavundikwa shimoni, zikiiva zinakamuliwa kwa majani, maji yake yanachujwa na kutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa. Hapo ndipo hamira ya asili inaanza kula sukari. Na sukari hiyo haipotei bure: karibu nusu ya uzito wake inageuka kilevi, na karibu nusu nyingine inageuka hewa ya kaboni dioksidi. Hewa hiyo lazima itoke. Ukiinyima mlango, itauvunja ukuta.

Wazee walibeba kwa vibuyu, mdomoni wakachomeka majani tu. Hewa ilipita, nzi hakupita. Ninyi mmepata dumu la lita 20, basi mnakaza kifuniko mpaka kiganja kinauma, eti isimwagike. Litazameni dumu hilo likiteremka. Kalinzi kuna baridi, huku Kibirizi ziwani kuna joto. Joto linaichangamsha hamira, na mashimo ya barabara yanaitikisa hewa iliyomo itoke kwa mkupuo. Mbavu za dumu zinavimba, kitako kinabenuka hata haliwezi kusimama wima. Kisha mtu anainama na kufungua kwa pupa: kifuniko kinamruka usoni, povu linamwingia machoni, na nusu ya mali inanywewa na mchanga.

Najua mtakachonijibu. Babu, mteja anataka leo, ada ya mtoto inadaiwa, na pombe hii ikikaa siku chache inageuka siki. Ni kweli, sibishi. Lakini mbona njia zipo? Safirisheni maji ya ndizi yakiwa mabichi, mtama mtie hukohuko mnakouzia. Au ngojeni povu lishuke na mchemko utulie, ndipo mpakie. Na kama hamna budi kuibeba ikiwa changa, acheni robo ya dumu tupu, kifuniko kilegee, dumu lisimame wima kivulini. Mkipumzika njiani, legezeni tena polepole, uso ukiwa pembeni. Wa boti za Mwamgongo na Kagunga, msiyabane madumu chini ya mizigo msikoweza kuyafikia.

Dumu lililobeba petroli au dawa ya wadudu msilitumie, hata mkilisugua kwa majivu kutwa nzima. Tena msilale chumba kilichofungwa pamoja na mapipa yanayochachuka. Hewa ile ni nzito, haina harufu, inajikusanya chini kwenye mkeka wa aliyelala. Na mkate leseni ya kuuza pombe; Sheria ya Vileo ipo tangu 1968, msijifanye imeletwa jana.

Mvumilivu hula mbivu, lakini mpika pombe huvumilia mara mbili: ndizi ziive, kisha povu lilale. Kungoja kwa pili ndiko kunakowashinda. Nimechoka kusema, wanangu. Atakayepakia kesho alegeze vifuniko kwanza, kisha aninunie akipenda.