Wakati Nao Ni Kiumbe

Nakuusieni, nikianza na nafsi yangu, kumcha Mwenyezi Mungu.

Vijana wetu huuliza: kabla ya kuumbwa ulimwengu kulikuwa na nini? Msiwakaripie. Swali hilo liliwakosesha usingizi wanazuoni wakubwa. Mwaka 1095, Imam Ghazali alikamilisha mjini Baghdad kitabu chake Tahafut al-Falasifa, akiwajibu wanafalsafa waliodai kuwa ulimwengu ni wa tangu na tangu, hauna mwanzo. Hoja yake ilikuwa nzito: wakati nao ni kiumbe, ulianza pamoja na ulimwengu. Kabla ya hapo hapakuwa na wakati wowote. Basi anayeuliza habari za “kabla” anaitafuta jana ya siku ya kwanza. Muumba hapimwi kwa kipimo alichokiumba Mwenyewe.

Sayansi nayo imekuja kukutana na dalili za mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 1964, huko New Jersey, Marekani, wataalamu Arno Penzias na Robert Wilson walinasa kwa antena yao mvumo hafifu uliotoka kila upande wa mbingu, usiku na mchana. Walishuku kinyesi cha njiwa kilichokuwa ndani ya antena, wakakisafisha. Mvumo ukabaki pale pale. Kumbe ni masalio ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Leo wataalamu wanaukadiria umri wake kuwa miaka bilioni 13.8.

Lakini imani yetu tusiitundike kwenye antena. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji na mwanafizikia aliyefafanua wazo la mwanzo wa ulimwengu mwaka 1931, hakupenda nadharia yake igeuzwe ushahidi wa dini. Naye, kwa maoni yangu, alisema kweli: nadharia hurekebishwa kila kipimo kipya kinapopatikana, na mja hawezi kusilimu na kuritadi kwa kufuata vipimo.

Na mwisho je? Mwaka 1998 wanafalaki waligundua kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Wengi wao wanatazamia nyota zizimike, libaki giza na baridi. Hayo ni makadirio ya wanadamu. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na Jibril kuhusu Saa, hakudai kuijua. Na mtu mwingine alipomuuliza Kiama ni lini, alimrudishia swali: ameiandalia nini?

Swali hilo ni letu sote leo. Mwenye deni na uwezo wa kulilipa, alilipe kabla ya Alasiri. Aliyemnunia nduguye, amfuate tukitoka hapa msikitini.