Gari la Milango Miwili: Thawabu, Sitara au Mzigo?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.



Baada ya swala ya Isha, mazungumzo ya vijana wa chuo huchukua njia tatu: mitihani, ndoa na magari. Hili la tatu ndilo ninalotaka tulitazame kwa utulivu, kwa sababu wengi wetu hulimaliza kwa neno moja tu. Toyota Celica nyekundu ikipita, mmoja atasema "Mashallah" na kuomba Allah ampe kama hiyo. Mwenzake atasema "Israfu hiyo" na kugeuza uso. Wote wawili wamekwisha kuhukumu kabla ya kuuliza. Swali lenyewe ni hili: kijana Mwislamu, katika mji kama Bujumbura, akinunua gari la spoti lililotumika, lenye milango miwili, amefanya jambo gani mbele ya Mola wake na mbele ya jirani zake?

Kwanza tulijue gari. Celica ya mwisho ilitoka kiwandani Japani kati ya mwaka 1999 na 2006. Injini yake ni ya lita 1.8, na ile yenye nguvu zaidi iliyouzwa Japani ilifikia nguvu za farasi 190. Mbele ina siti mbili za haja. Nyuma zipo mbili nyingine, lakini mtu mzima akiingia huko hukaa amekunja magoti na kuinamisha shingo. Kule Japani gari jipya hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Gari likizeeka, mwenyewe huona nafuu aliuze. Ndipo linapanda meli, linashuka bandari ya Dar es Salaam, linavuka Tanzania kwa barabara na kuingia kwetu. Likifika, mafundi wa Buyenzi hulipokea, mtaa ambao Kiswahili na ufundi wa magari vimeishi pamoja tangu zamani.

Kwa hiyo anayeliendesha si lazima awe tajiri. Huenda ni kijana aliyeweka akiba kwa miaka, au aliyechangiwa na kaka zake walioko Ulaya. Bei ya gari kama hilo iko chini sana ya bei ya jipu kubwa jipya. Tusianze na dhana kwamba mwenye gari zuri ana moyo mbaya.

Je, kupenda uzuri wa kipando ni kosa? Katika Surat an-Nahl, Allah anapowataja farasi, nyumbu na punda, anataja makusudio mawili: tuwapande, na wawe pambo. Kisha anatukumbusha kwamba Yeye huumba tusivyovijua. Aya chache kabla ya hapo anautaja uzuri tunaouona kwa wanyama wetu wanaporudi jioni na wanapotoka asubuhi kwenda malishoni. Basi jicho linalofurahia umbo la kipando halijaiba kitu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliandaa mashindano ya mbio za farasi Madina, na Abdallah bin Umar (r.a.) alikuwa miongoni mwa walioshindana. Na alipoulizwa kuhusu mtu apendaye nguo nzuri na viatu vizuri, hakumlaumu. Alieleza kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu.

Hapo tumepewa kipimo, nacho hakihusu rangi ya gari wala sauti ya ekzosi. Kinahusu haki na watu.

Kipimo hicho kimefafanuliwa zaidi katika hadithi mashuhuri ya Abu Hurayra (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aligawa wenye farasi mafungu matatu. Kwa mmoja farasi ni thawabu, kwa sababu amemfunga kwa ajili ya njia ya Allah. Hata majani anayokula na hatua anazopiga huandikiwa bwana wake. Kwa wa pili farasi ni sitara: amemfuga ili ajitosheleze na asiombe watu, na hakuisahau haki ya Allah iliyo katika shingo ya farasi na mgongo wake. Kwa wa tatu farasi ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa amemfuga kwa fahari, kwa kujionyesha na kwa kuwafanyia Waislamu uadui.

Angalia jambo moja. Katika mafungu yote matatu farasi ni yuleyule. Hakuna aliyeambiwa kwamba farasi wake ana mbio mno, au kwamba ni mzuri kupita kiasi. Kilichowatenganisha ni nia, pamoja na haki iliyotimizwa au kusahauliwa.

Hadithi hiyo ina mwisho unaotuhusu sana. Maswahaba waliuliza: na punda je? Mtume (s.a.w.) akajibu kwamba hakuteremshiwa kitu mahsusi juu ya punda, ila ile aya ya Surat az-Zalzala inayokusanya kila kitu, kwamba atakayetenda wema wa uzito wa chembe atauona, na atakayetenda uovu wa uzito wa chembe atauona. Basi nasi tukiuliza juu ya gari, jibu tunalo. Chembe zitapimwa, ziwe za vumbi la kwato au za moshi wa ekzosi.

Sasa tuingie kwenye haki ya shingo na mgongo. Wanazuoni wameifasiri kwa njia mbalimbali. Wapo waliosema ni zaka. Wapo waliosema haki ya shingo ni kumtunza mnyama vizuri, na haki ya mgongo ni kumwazima au kumpakia mwenye haja. Tukichukua tafsiri hii ya pili, ugumu wa gari letu unaonekana wazi.

Jina lenyewe linasema. Kwa Kiswahili kupe ni mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe, na kwa bei ya mafuta ya leo utani huo haukosi ukweli. Lakini jina la gari la aina hii ni neno la Kifaransa, coupé, yaani "lililokatwa". Lilianzia kwenye magari ya kukokotwa na farasi: lile la benchi mbili zilizotazamana lilifupishwa, benchi moja ikaondolewa, wakabaki wawili. Kilichokatwa kilikuwa nafasi ya watu wengine. Yaani gari hili, kwa jinsi lilivyoundwa, lina mgongo mfupi.

Mwenye Probox akitoka Buyenzi asubuhi hutimiza haki ya mgongo hata bila kukusudia. Jirani atapanda, mgonjwa atapanda, gunia la mchele la mama wa nyumba ya pili litaingia kwenye buti. Mwenye Celica hawezi kutegemea bahati hiyo. Ni lazima akusudie. Na hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha jambo: gari la milango miwili si haramu, bali linamwachia mwenyewe nafasi ndogo ya kutimiza haki, kwa hiyo linamdai aitafute haki hiyo kwa bidii zaidi kuliko wengine.

Aitafute wapi? Nitataja sehemu tatu.

Ya kwanza ni siti ya pembeni yake. Siku za uhaba wa mafuta, ambazo tumezizoea kwa miaka kadhaa sasa, wanafunzi hutembea kwa miguu hadi kampasi ya Mutanga huku mabasi yamelala kwenye foleni. Siti moja tupu inayopita mbele ya ndugu mwenye mkoba mzito na mtihani wa saa mbili asubuhi ni haki inayopita tupu. Najua atakayesema: na dada zetu je? Ni kweli, gari lenye siti mbili za haja huleta suala la faragha na asiye maharimu, na mwenye nalo anapaswa kulifikiria kabla ya kununua, asingoje kulifikiria usiku barabarani. Asipoweza kumbeba dada yake wa chuo kwa adabu, basi aweze kumlipia nauli.

Ya pili ni barabara. Hapa Burundi tunaendesha upande wa kulia, na gari kutoka Japani lina usukani kulia. Dereva anakaa upande wa mtaro badala ya katikati ya njia. Akitaka kulipita lori, karibu gari zima litoke nje ndipo aone kinachokuja. Mwenye basi dogo au jipu angalau amekaa juu. Mwenye gari la spoti amekaa chini, macho yake yako sawa na tairi za lori. Fikiria barabara ya kupanda Bugarama: kona baada ya kona, vijana wa baiskeli wanateremka kwa kasi na mikungu ya ndizi, wengine wanapanda wakiwa wameng'ang'ania nyuma ya malori. Kijana anayetanua hapo kwa kutegemea nguvu zake za farasi 190 amecheza kamari, na aliyewekwa rehani ni yule wa baiskeli ambaye hakuulizwa. Roho ile haina bima, na nyumbani ana mama anayesubiri fedha za ndizi.

Anayetaka kulipita lori kwa usalama katika gari hilo ana njia mbili. Asubiri, au awe na mtu upande wa kushoto wa kumwambia, "Bado," au "Pita sasa." Gari lililojengwa kwa ajili ya mtu mmoja, katika nchi yetu, humfanya amhitaji mwenzake ili aone.

Ya tatu ni haki ya shingo, yaani matunzo. Gari la miaka zaidi ya 20 lina breki, tairi na shokapu zinazodai fedha kabla ya rimu na rangi. Anayeng'arisha rimu huku breki zinalia amelipamba jeneza. Na anayechukua gari gereji kwa ahadi ya "nitakulipa Ijumaa", Ijumaa ikapita na mwezi ukapita, huku akilionyesha mjini, anaendesha jasho la fundi. Mtume (s.a.w.) alituhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Siku ya kuliuza pia ina haki yake: kasoro zitajwe, na mita ya kilometa isirudishwe nyuma. Anayetughushi si katika sisi, na mafunzo hayo yalikuja juu ya chakula kilicholowa ndani na kikavu juu. Gari lililopigwa rangi juu ya kutu lina tofauti gani?

Nimesema na mwenye gari. Sasa niseme na sisi tunaotazama, kwa sababu mizani ina sahani mbili. Tunapoliona gari la spoti la rika letu tunahubiri israfu. Jipu kubwa la mzee mwenye mali linapopita, likiwa na mtu mmoja ndani na injini inayokunywa mafuta zaidi ya ile ya lita 1.8, tunanyamaza, kwa kuwa tunatarajia mchango wake wa harusi. Kama ni israfu, basi iwe israfu kwa wote. Nasaha inayomlenga mdogo na kumruka mkubwa ina harufu ya hasadi. Kabla ya kumwambia ndugu yako "mche Allah" kwa sababu ya gari lake, jiulize: angekupa funguo sasa hivi, ungezikataa?

Na kama swali hilo linakuchoma, si aibu. Tamaa ya kitu kizuri ni sehemu ya kuwa mtu. Itazame tu, kisha uiulize inataka nini. Je, nataka gari hili nifike, nifurahie, niwafikishe na wengine? Au nataka lifike kabla yangu, watu wageuke, wanafunzi wenzangu wajione wadogo? Anayetaka hili la pili atapata mzigo hata kwenye baiskeli mpya.

Tumalizie na kisa kimoja. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike aitwaye al-Adbaa, ambaye hakuwa akishindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake mchanga, akamshinda. Waislamu waliumia, na yeye alipoliona hilo nyusoni mwao aliwafahamisha kwamba ni haki juu ya Allah kutokinyanyua kitu chochote cha dunia ila hukishusha. Celica unayoiona leo Bujumbura iliwahi kuwa mpya mbele ya nyumba ya mtu Japani. Alioshana nayo, akaipiga picha, kisha akaiuza. Kesho itakuwa chuma cha spea Buyenzi, mlango wake kwenye gari jingine na injini kwenye jingine. Kitakachobaki kwa mwenyewe ni hesabu ya aliowabeba na aliowapita.

Allah atupe vipando vyema, na atuwezeshe kuikumbuka haki iliyo migongoni mwake. Amin. Wallahu a'lam.