Mahari Si Bei ya Mwanamke



Sisi tuliovuka mpaka wa Busia mwaka 2008 na kupokelewa Mulanda, wilayani Tororo, tulikuta mahari inaheshimiwa huko kama kwetu Kenya. Je, mahari huleta kipigo? Si kila aliyetoa ng'ombe humpiga mkewe. Lakini mume anayesema "nilikununua" hupiga kama mwenye mali. Mke akikimbilia kwao, baba humrudisha, maana kaka yake amekwisha kuoa kwa ng'ombe wale wale. Atakwenda wapi?

Shirika la MIFUMI la Tororo lilipeleka jambo hili mahakamani mwaka 2007. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kutoa mahari hakukukatazwa.

Sheria imesema, lakini nyumbani tunaamua sisi. Raheli na Lea walilalamika kwamba baba yao aliwauza. Wazazi wenzetu, tupokee mahari kama shukrani. Binti akirudi na majeraha, tumfungulie mlango kwanza. Habari ya ng'ombe ingoje.