Nafasi ya Mwitikiaji

Wavuvi wa Rumonge, mji wa Burundi ulio kando ya ziwa, huhesabu siku zao kwa giza na mbalamwezi. Wakati wa giza mitumbwi huingia ziwani na taa, ndagala hufuata mwanga, nyavu huinuliwa usiku kucha. Mwezi ukikomaa, taa huishiwa nguvu: ziwa lote limewaka, na samaki hana tena sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Mitumbwi hulazwa mchangani, nyavu hushonwa. Na maulidi, kwa wale wanaoyasoma, huangukia tarehe 12 ya Mfungo Sita, usiku ambao mwezi umebakiza kidogo tu kutimia. Mwezi unaowanyima samaki ndio unaowaacha nchi kavu, wengi, mikono mitupu. Hakuna aliyepanga hivyo. Lakini kila nikiwaza kwamba kiganja kinachopiga dufu usiku huo ndicho kilichochubuliwa na kamba siku chache nyuma, nahisi kwamba swali la muziki wa ibada haliwezi kuanzia studio.

Swali lenyewe tunalijua. Vijana wanataka kurekodi kaswida zenye kinanda na mapigo ya kompyuta, albamu nzima, isikike Bujumbura, isikike Kigoma. Wazee wanasema hiyo si kaswida tena. Hapo mjadala hukimbilia kwenye hukumu: dufu wanazuoni wengi wameliruhusu, nyuzi na zumari zimewagawa, na wapo wasiokubali hata maulidi yenyewe. Simo miongoni mwa wenye haki ya kutoa fatwa, na sitaijaribu. Namkumbuka tu Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika kitabu chake cha Ihya aliweka mlango mzima juu ya kusikiliza, na hoja yake ilikuwa kwamba sauti haileti moyoni kitu kisichokuwemo. Huamsha kilicholala humo. Swali langu ni jingine. Tunaposema kaswida ya kisasa "imepoteza asili", ni nini hasa tunachodai kwamba kimepotea?

Hakiwezi kuwa ala. Katika Burundi ya inanga na ingoma, dufu lilikuwa mgeni. Lilifika mwambao huu kwa njia ya misafara, kupitia Ujiji, pamoja na Kiswahili chenyewe na chuo cha Kurani. Njia hiyo ilibeba na maumivu yasiyosemeka. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, alikuwa mtoto wa Manyema, ng'ambo ya magharibi ya ziwa hili. Alifikishwa Bagamoyo akiwa mtumwa. Alisoma, akawa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kadiria pwani, na alipofariki mwaka 1931 zikiri za tarika hiyo zilikuwa zimeshapanda bara, zikiifuata kinyumenyume barabara ileile aliyoburutwa nayo utotoni. Basi hiyo tunayoiita "ya wazee wetu" ilikuwa, kwa wazee wa wazee wetu, sauti mpya kabisa. Wapo walioisikia mara ya kwanza wakashtuka.

Nilipokuwa chuoni sauti yangu haikufaa kuongoza, nikawekwa upande wa waitikiaji. Kwa miaka mingi niliona hapo ni mahali pa waliobaki. Sasa nadhani nilikuwa nimekalishwa palipo na siri yote.

Kiswahili kinalisema jambo hili la kuitikia vizuri. Mtoto akiitwa na mama yake, huitika. Asipoitika, mwito unaning'inia. Mama ataita tena, maana kuita ambako hakujaitikwa hakujakamilika. Kutoka hapo tunapata kuitikia dua kwa amina, na kutoka hapo hapo tunapata kiitikio cha wimbo. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa Madina katika karne ya 18, yamejengwa hivi: msomaji husoma fungu, watu wote huingia na maneno yao, msomaji huendelea. Inapofika habari ya kuzaliwa Mtume, wote husimama. Msomaji hawezi kusimama kwa niaba yao.

Na Burundi ilikuwa na elimu hii kabla ya dufu kufika. Tazama ngoma za kifalme, zile ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu mwaka 2014. Katikati pana inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashakwe hushikilia pigo lisilokatika, na ibishikizo huifuata inkiranya inakokwenda. Mpigaji wa katikati akibadilisha, nusu duara yote hubadilika, kwa sababu wanamtazama na anawatazama. Sishangai kwamba dufu lilipata makazi katika nchi hii. Lilikuta masikio yaliyokwisha fundishwa kungoja zamu yao.

Kwa hiyo naipeleka asili pale: kwenye nafasi aliyoachiwa mwingine aingie. Ala ni jambo la baadaye.

Hapo ndipo albamu inapoleta taabu ya kweli. Mwaka 1996 kundi la Raihan la Malaysia lilitoa Puji-Pujian, sifa za Mungu na Mtume kwa sauti na ngoma, zilizopangwa kwa ufundi wa studio, na mamia ya maelfu ya watu wakainunua. Mwaka 2004 Youssou N'Dour wa Senegal alitoa Egypt, albamu ya kuwasifu mashehe wa tarika za kwao akiwa na wapigaji wa Kairo. Dunia ikampa tuzo ya Grammy, na nyumbani wapo waliokasirika kwamba majina matukufu yametiwa katika muziki wa sokoni. Nazipenda zote mbili. Lakini studio ina uwezo mmoja unaonitia wasiwasi kuliko kinanda: mtu mmoja anaweza kuimba mwito, kisha akarekodi kiitikio mara kumi kwa sauti yake mwenyewe, fundi akazipanga zikawa umati. Mwimbaji anajiitikia. Pigo la kompyuta nalo halijui kama babu wa safu ya nyuma ameishiwa pumzi. Litaanza ubeti unaofuata kwa wakati wake. Kila pengo limejazwa, na msikilizaji hana alipobakiziwa.

Kijana mmoja aliwahi kunijibu kwa mfano wa taa. Zamani wavuvi waliwasha karabai, leo wanatumia balbu za betri, na hakuna aliyesema uvuvi umepoteza asili. Jibu hilo nililibeba siku nyingi. Ni zuri, ila lina kasoro: ndagala huja kwenye mwanga wowote, na huja ili anaswe. Anayeitwa katika kaswida haji hivyo. Anaweza kukaa kimya. Ndiyo maana kuitikia kwake kuna thamani, na ndiyo maana wimbo usiomngoja, hata uwe mtamu namna gani, umemfanya samaki.

Hata hivyo namkubalia zaidi ya alivyotazamia. Kinanda kinaweza kungoja. Mpigaji akiinua vidole, akawatazama watu, pengo likabaki, hapo kinanda kimeshakuwa dufu kwa maana ninayoijali. Na madufu ishirini yanaweza kupigwa kwa kujionyesha hadi yasimwachie mtu hata pumzi moja. Wazee nao wanalijua hili, ingawa mara nyingi hasira yao huangukia nyaya za umeme.

Kisha kuna jambo moja ambalo hata studio haiwezi kulijaza. Mtume akitajwa, Mwislamu anayesikia humswalia. Sauti iliyomtaja inaweza kuwa imerekodiwa miaka kumi nyuma, na mwenyewe hayupo duniani; deni linamwangukia anayesikia, hapo alipo. Fundi hawezi kumlipia.

Giza lilirudi, na alfajiri moja nilikuwa ufukweni wakati mitumbwi inakaribia. Katika mmoja simu ilikuwa imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ikiimba kaswida ya kinanda, sauti imepasuka kwa unyevu. Jina likatajwa. Mzee aliyekuwa akikusanya kamba hakuinua uso wala hakuacha kazi. Midomo yake ilitikisika, akaitika.