Jani la Mahindi na Shutuma ya Jirani

  

Ndugu zetu Waislamu, katika darsa yetu ya hapa Kiamunyi kumezuka jambo ambalo tumeona si vizuri likaishia mkekani, kwani twajua ya kwamba mfano wake uko katika mitaa mingi ya Nakuru na katika mashamba ya Bonde la Ufa. Mwenye jambo ametupa ruhusa tulieleze kwa sharti ya kutomtaja, nasi tumekubali.

Mzee huyu ana shamba dogo la mahindi na ng'ombe wawili. Msimu uliopita mvua ilikatika mahindi yalipokuwa yakitoa ndevu, na malisho yakaadimika. Akawa kila jioni huingia shambani kuchuma majani ya mahindi, akianza chini na kupanda juu, hata yakabaki mabua na mbelewele. Ng'ombe walishiba. Ulipofika wakati wa kuvunja, mahindi yalikuwa membamba, punje zimesinyaa, na ncha za magunzi ni tupu. Na ng'ambo ya ua, mahindi ya jirani yake yamejaa. Basi mzee akayakini ya kwamba amepigwa jicho. Akaacha kumwitikia jirani salamu, akatafuta mtu wa kumwandikia hirizi nne azizike katika pembe za shamba, na ujira ulioombwa, ndugu zangu, hatuutaji kwa haya.

Aliyelifungua fundo ni binti yake, mwanafunzi wa sekondari. "Baba," alimwambia, "ile mistari miwili ya uani hukuiwahi kuichuma, kwani mvua ilirudi kabla hujaifikia. Mbona hiyo imejaa? Nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na jicho la jirani."

Mzee hakuwa na jawabu. Alilileta swali darsani baada ya sala ya Alasiri, nasi tukamwomba binti, kwa kupitia kwa mama yake, atuazime daftari lake la somo la bayolojia. Tulilisoma wanaume wazima, wengine wenye mvi, na baadhi yetu tuliona haya, kwani ni sisi tuliokuwa tukisema ya kwamba ilimu hiyo haimfai binti wa Kiislamu.

Jani, ndugu zangu, ni jiko. Watu wengi wadhani mti hula udongo, na dhana hiyo ni kongwe. Katika karne ya 17 mtu wa Flanders aitwaye Jan Baptist van Helmont alipima pauni 200 za udongo mkavu, akautia katika chungu, akapanda mche na kuutilia maji kwa miaka 5. Mti ukaongezeka uzito pauni 164, na udongo ukapungua wakia 2 tu. Yeye alidhani mti wote umetoka katika maji, na hapo alikosea, kwani hakuijua sehemu ya hewa. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz akabainisha ya kwamba majani huitengeneza hewa yakiwa katika mwanga, wala hayafanyi hivyo gizani. Hakika ni kwamba jani huchukua maji yaliyopandishwa na mizizi, na huchukua kaboni dioksaidi, ambayo katika hewa ni kiasi cha sehemu 4 tu katika kila 10,000, na kwa nguvu ya jua huviunga viwili hivyo vikawa sukari. Oksijeni tunayoivuta ndiyo ibakiayo katika kazi hiyo. Wataalamu wa Kiswahili wameiita kazi hii usanisinuru.

Utazame basi ujenzi wake. Juu pana nta nyembamba izuiayo maji yasipotee. Chini ya nta pana ngozi ipitishayo mwanga kama kioo. Katika majani ya miti mingi, chini ya ngozi hiyo zimesimama seli zilizopangwa wima kama fito za ukuta, na ndani yake muna klorofili, ile rangi ya kijani inasayo mwanga. Tena pana seli zilizoachana kama sifongo, ili hewa ipate kupita baina yake. Na katika ngozi, aghalabu upande wa chini, pana vinywa vidogo sana, mamia katika eneo la kichwa cha pini, na kila kinywa kina midomo miwili ifungukayo na kufungika. Kikifunguka, hewa huingia na maji hutoka. Kikifungika, maji husalimika lakini kazi ya jiko hulala. Mahindi yakiona kiu hujikunja majani wakati wa adhuhuri kwa sababu hiyo, nayo yana vinywa pande zote mbili. Mwenye shamba akiyaona yamejikunja adhani yanakufa, kumbe yanajihifadhi.

Na ile mishipa tuionayo katika jani si pambo. Ina njia mbili: moja yaleta maji kutoka mizizini, na nyingine yachukua sukari kuipeleka panapohitajiwa. Katika mahindi, yaliyokwisha kutoa ndevu, mahali panapohitajiwa ni punje. Majani yaliyo karibu na mhindi na yaliyo juu yake ndiyo hasa yanayoijaza punje. Ukiyachuma wakati huo umelizima jiko na huku wangoja chakula. Lakini ukingoja mpaka punje ikomae, ukaivunja na kuona alama nyeusi katika kitako chake, basi punje imekwisha kufungwa, haipokei tena kitu, na majani waweza kumpa ng'ombe bila ya hasara. Mzee wetu, basi, alikosea wakati, hakukosea kwa kumhurumia mnyama wake.

Si kila mti hufanya kazi yake kwa jani pana. Panda mlima wetu wa Menengai utazame leleshwa: chini ya jani lake pana vinyweleo vyeupe kama pamba, vipunguzavyo upotevu wa maji, na ukilifikicha lanukia kafuri. Nenda ziwani Nakuru uyatazame yale miti yenye matawi kama kinara cha taa, yatoayo maziwa makali yanayodhuru macho. Majani yake ni kama hayapo, na shina lenyewe la kijani limeishika kazi ya jani. Na mgunga wa manjano ulioko kando ya ziwa una klorofili hata katika gome lake.

Mwenyezi Mungu ametujulisha katika Suratul An'am, aya ya 59, ya kwamba ujuzi wake wafikia hata jani lidondokalo. Na katika Sura Yasin, aya ya 80, ametukumbusha moto tuupatao katika mti wa kijani. Sisi hatupendi ule mtindo wa siku hizi wa kuigeuza kila aya kuwa somo la maabara. Kurani ni uongozi. Lakini mtu aliyekwisha kujua ya kwamba joto la kuni ni jua lililowekwa akiba na majani, hawezi kuisoma aya hiyo kwa haraka kama alivyokuwa akiisoma. Wala wazee wetu hawakuliona jani kuwa jambo duni. Abu Hanifa al-Dinawari aliandika kitabu kizima cha mimea katika karne ya 9, na Ibn al-Baytar wa Malaga, aliyefariki Dameski mwaka 1248, alikusanya habari za dawa na vyakula karibu 1,400, vingi vyake ni mimea.

Atasema mtu: je, jicho si kweli? Hadithi sahihi zimelithibitisha, nasi hatulikanushi. Lakini kuthibiti kwa jicho si ushahidi juu ya fulani. Mwenye kumtuhumu jirani kwa jambo asiloliona ameingia katika dhana iliyokatazwa katika Suratul Hujurat, na mwenye kumnunia nduguye zaidi ya siku tatu ameingia katika katazo la Bwana Mtume (s.a.w.). Mzee alikuwa amekwisha timiza miezi miwili.

Alikwenda kwa jirani usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, akifuatana na wawili katika sisi. Jirani alisikiliza yote, akacheka, kisha akanyamaza kitambo, kwani alikuwa amekwisha fikiri kuhama. Hirizi hazikuandikwa. Asubuhi yake alimkatia mzee pingili za nepia azipande ukingoni mwa shamba, apate malisho ya kiangazi kijacho.

Binti anaendelea na somo lake. Jumamosi ijayo, in shaa Allah, darsa ya wanawake itasomewa daftari lile, na kila ajaye na aje na jani moja la mahindi, bichi, na kiwembe.