Mialoni Iliyochelewa

Katika sura ya pili ya kitabu chake, Mhubiri analalamika kwa uchungu ambao wengi wetu tunaujua. Amefanya kazi kwa jasho na kwa akili, na sasa anaona kwamba yote atamwachia mwingine, wala hajui kama huyo atakuwa mwenye hekima au mpumbavu. Hilo si swali la mvivu. Ni swali la mtu aliyejituma. Nasi tulikutana nalo mahali ambapo hatukulitarajia, tukitembea polepole chini ya miti kisiwani, katika nchi ya Uswidi.

Tulikuwa wajumbe saba wa sharika za kando ya Ziwa Viktoria, tuliokwenda kuwatembelea wenzetu wa usharika rafiki. Siku moja wenyeji wetu walitupeleka Visingsö, kisiwa kilicho ndani ya Vättern, ziwa la pili kwa ukubwa nchini humo. Kutoka mji mdogo wa Gränna safari ya kivuko haifiki nusu saa. Kisiwa ni chembamba, urefu wake kama kilomita 14 na upana kama 3, na ardhi yake ni tambarare, hata wazee wetu walitembea bila kuhema.

Ukishuka tu kivukoni unayaona magofu ya ngome ya Visingsborg. Hapo ndipo ukoo wa Brahe, mmoja wa koo kubwa za makabaila wa Uswidi, ulipokuwa na makao yake. Mwaka 1680 milki yao ilirudi mikononi mwa mfalme. Baadaye ngome ikatumika kuwafungia mateka wa vita kutoka Urusi, na mwaka 1718 ikateketea kwa moto. Kwenye ncha ya kusini ya kisiwa yapo magofu ya kale zaidi, ya ngome ya Näs, iliyojengwa katika karne ya 12. Wafalme walikaa hapo, na mfalme Magnus Ladulås alifia kisiwani humo mwaka 1290. Leo sehemu ya kuta hizo imemomonyoka na kuangukia ziwani.

Tulipokuwa njiani kuelekea Näs tulipita katika msitu wa mialoni. Kwetu Kanda ya Ziwa ukisema “mwaloni” mtu anasikia harufu ya dagaa na kelele za wachuuzi, kwa hiyo tulitaniana kidogo. Lakini huu ni mwaloni wa Biblia, ndugu ya ile mialoni ya Mamre ambako Abrahamu alipiga hema yake. Ni miti mirefu, iliyonyooka, yenye kivuli cha ubaridi, na njia za kutembelea zinapita katikati yake.

Mwenyeji wetu akatusimulia habari ya msitu ule. Zamani manowari za Uswidi zilijengwa kwa mbao za mwaloni. Kwa karne nyingi sheria iliifanya mialoni kuwa mali ya mfalme, hata ile iliyoota shambani mwa mkulima, na wakulima waliichukia miti hiyo. Kuanzia mwaka 1831 serikali ilipanda yake Visingsö, yapata miche 300,000. Waliopanda walijua kwamba mwaloni wa kujengea meli huhitaji zaidi ya miaka 100. Wakaifanya kazi yao vizuri. Kati ya mialoni walipanda miti ya aina nyingine, ili mialoni ibanwe, ikimbilie mwanga juu na inyooke. Kisha wakafa wote. Katika miaka ya 1970 watu wa misitu wakalipelekea jeshi la majini taarifa kwamba mbao zao za meli sasa ziko tayari. Lakini manowari zilikuwa zimeacha kujengwa kwa mbao siku nyingi.

Tulicheka sana. Mmoja wetu tu hakucheka. Alikuwa mzee, mwinjilisti aliyekaribia kustaafu baada ya zaidi ya miaka thelathini ya utumishi. Alisimama, akaweka kiganja chake juu ya gome la mti, akasema, “Mchungaji, hawa ni kama mimi na karakana yangu.”

Wote tuliijua karakana ile. Aliianzisha mtaani kwake ili vijana wajifunze useremala. Aliomba mabati nyumba kwa nyumba, akatengeneza meza za kazi na mabenchi kwa mikono yake mwenyewe. Miaka ya kwanza vijana walijaa. Baadaye wakapungua, wengine wakaenda kwenye bodaboda, wengine mjini. Sasa ilikuwa na kufuli. “Nilipanda kwa ajili ya meli,” alisema, “na meli hazipo. Je, ilikuwa bure?”

Hatukumjibu palepale. Tukaendelea kutembea.

Wapendwa, jibu rahisi lilikuwa karibu. Tungeweza kumwambia: tazama, baba, mialoni haikuwa meli, lakini imekuwa kivuli, imekuwa njia ya watu kutembea na kumshukuru Mungu. Tena ilipandwa kwa ajili ya vita, na leo watoto wanacheza chini yake. Nabii Isaya aliona panga zikifuliwa kuwa majembe. Hapa zana za vita hazikufika hata kutengenezwa. Jibu hilo lina kweli ndani yake. Hata sisi tulio kanisani leo ni matunda ya namna hiyo. Wamisionari Wajerumani walianza kazi Bukoba, vita ikawaondoa, Waswidi wakaja kuwasaidia Wakristo wa Kihaya waliokuwa wakilibeba kanisa. Mwaka 1961 Mswidi, Bengt Sundkler, akawa askofu wa kwanza. Mwaka 1964 akampisha Josiah Kibira, mwana wa nchi. Waliopanda mwanzo hawakuuona mwisho huo.

Lakini jibu hilo halitoshi, na magofu ndiyo yaliyotuonyesha. Tulipofika Näs tulitazama mawe yaliyoanguka majini. Nayo yalichongwa na mtu aliyetoa jasho. Hayampi mtu kivuli. Hayana kazi mpya. Basi tukisema kwamba kazi si bure kwa sababu siku moja mtu atapata namna nyingine ya kuitumia, tutamwambia nini yule ambaye kazi yake haikupata mtumiaji yeyote? Mama aliyemuuguza mwanawe miaka mitano, na bado akamzika? Mwalimu wa Shule ya Jumapili ambaye watoto wake wote wameliacha kanisa? Msitu wa Visingsö ni mfano mzuri, lakini si uthibitisho.

Uthibitisho wetu uko kwingine. Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba taabu yao haipotei, hasemi hivyo baada ya kuhesabu matokeo. Anasema hivyo mwishoni mwa sura ndefu juu ya ufufuo. Taabu haipotei kwa sababu Kristo amefufuka na kwa sababu inafanyika katika Bwana. Mtunza hesabu yake ni Mungu, wala si jeshi la majini.

Hapa fundisho la kuhesabiwa haki kwa imani, ambalo tumelikariri tangu kipaimara, linakuwa mkate wa kila siku. Kama ningeokolewa kwa kazi yangu, ningelazimika kuijengea ngome: kuilinda isiguswe, isibadilishwe, ibaki na jina langu. Lakini tumekwisha kupokelewa bure kwa neema. Kwa hiyo kazi haihitaji tena kutubeba sisi. Inaweza kumwendea jirani, hata jirani ambaye hajazaliwa na ambaye mahitaji yake hatuyajui. Luther alifundisha kwamba kazi ya mtu wa kawaida ni wito wa Mungu kwa sababu inamtumikia jirani. Hakusema ni wito kwa sababu inadumu.

Je, basi tusipange? Tufanye ovyo, tukisema Mungu atajua? Hasha. Waliopanda Visingsö walikosea juu ya wakati ujao, lakini hawakukosea juu ya miti. Kama wangepanda kwa kulipua, kusingekuwa na msitu wa kukosea nao. Hatuwezi kuahidi kwamba watoto wetu watakitumia tunachowaachia kama tulivyotaka. Tunachoweza ni kuwaachia kitu kilicho kizuri kiasi kwamba, wakikitumia vingine, bado kitakuwa baraka. Abrahamu alipanda mkwaju Beer-sheba akiwa mgeni katika nchi isiyo yake. Alipanda, akaliitia jina la Bwana.

Haya tulimwambia mzee wetu jioni, kwenye kivuko, kwa maneno machache kuliko haya. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, “Nimesikia, Mchungaji.” Hakusema kwamba amefarijika.

Miezi mingi baadaye tulifika mtaani kwake. Kufuli lilikuwa limefunguliwa. Akina mama wanaoanika dagaa walikuwa wameomba mahali pa kuwaacha watoto wadogo asubuhi, naye akawapa. Watoto walikuwa wamepanda juu ya mabenchi, wanaruka, wanaimba. Yeye alikaa mlangoni akiwatazama.

“Sikuyatengeneza kwa ajili hii,” alisema.

Tukamuuliza kama anasikitika. Akafikiri. “Kidogo,” akajibu. Kisha akapiga benchi kwa ngumi, kama seremala anavyopima kazi yake, na benchi halikutikisika. “Lakini limeshika.”

Huenda mwakani akina mama watapata mahali pengine, na kufuli litarudi. Hatujui. Nasi tunaosoma haya kila mmoja ana karakana yake: mtoto anayemlea, kwaya anayoifundisha, mche alioupanda. Tusiulize kwanza kama kitatumika kwa lile tulilokusudia. Tuulize kama kimeshika, na kama tumekiweka mikononi mwa Bwana. Yanayobaki ni yake.