Nguo Zilizotoa Ushahidi

Somo: Matendo 9:36–42

Dorkasi alipofariki kule Yafa, mji wa bandari kama huu wetu, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Mpendwa, nguo zilisimama shahidi! Je, zingekuwa za kuchanika zikifuliwa mara mbili, wangeonyesha nini?

Pita pale Biashara Street. Duka la leso la Kaderdina Hajee Essak lilianza 1887, na hadi leo leso zake zina chapa ya "Mali ya Abdulla". Mtu haandiki jina kwenye kitu anachokionea haya.

Sasa wewe fundi wa yunifomu: mama mjane amekulipa kwa shida, nawe unamtilia uzi mbovu, mshono haufiki muhula wa pili. Hiyo nayo ni mizani ya uongo, na Mithali 11:1 yatuambia Mungu anaichukia.

Na wewe mnunuzi, usikimbilie bei tu. Geuza nguo ndani nje, vuta mshono, ndipo ulipe. Rahisi ni ghali.

Wiki hii jiulize: kazi ya mikono yangu ikiinuliwa mbele za Mungu, itasema nini? Ameni.